Je, Wajua? Chembe ya Mchanga wa Kwale Ina Tarehe Yake

Je, wajua kwamba kaskazini mwa kisiwa cha Funzi, huko bara, mchanga mwekundu wa Maumba na Nguluku ulijaa madini? Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha ilmenaiti, rutili na zirkoni kupitia Likoni. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Zirkoni nyingi duniani huishia kwenye vigae. Kwangu mimi thamani yake ni nyingine: kila chembe ni saa.

Kivipi? Zirkoni inapoumbika huikaribisha urani na kuikataa risasi. Baadaye urani hugeuka risasi polepole mno: nusu ya urani-238 huchukua miaka bilioni 4.47. Risasi iliyomo ndiyo hesabu ya miaka.

Je, wajua hesabu hiyo inavyosomwa? Chembe hugandishwa kwenye gundi ngumu, husuguliwa hadi zibaki nusu, kisha hupakwa dhahabu nyembamba ili umeme usijikusanye juu yake. Ndani ya ombwe, mwali wa ayoni za oksijeni hupiga doa la maikromita 20 hadi 30, dogo kuliko unene wa unywele wa kawaida, na kuchimba takriban maikromita 1 tu. Ayoni zinazochomoka usoni hupitia kwenye sumaku: nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo. Mashine maarufu ya kazi hii, SHRIMP, ilibuniwa Canberra na kundi la William Compston. Kwa Kiingereza jina hilo ni la kamba, wale wale wa mikokoni!

Ugumu uko hapa. Zirkoni ina metali iitwayo hafni, na hafni ikishikana na oksijeni mbili hukaribiana mno kwa uzito na risasi-208. Kuzitenga ni sawa na kutofautisha gunia la mbata la kilo 100 na jingine lililozidi gramu 20. Mashine isiyoweza hilo huhesabu hafni kuwa risasi, na tarehe ya chembe ikapotoka.

Je, wajua chembe moja yaweza kubeba tarehe mbili? Kiini cha kale, ganda la baadaye. Ukiiyeyusha nzima utapata wastani usio wa kiini wala wa ganda. Ndiyo maana husomwa doa kwa doa.

Zirkoni ya Jack Hills, Australia, ilisomwa hivyo, na mwaka 2001 ikatangazwa kuwa na miaka bilioni 4.4.

Mchanga mwekundu kama huo wa Kwale, uitwao mchanga wa Magarini, bado umetanda pwani yetu. Chembe mia za zirkoni, zinazoenea juu ya ukucha, zatosha kuanza kuitafuta milima iliyouzaa.