Panua magurudumu ya nyuma kabla ya kukata hei



Umezoea kunisikia nikizungumzia kupe, ndigana kali na chanjo ya chambavu. Safari hii nazungumzia trekta dogo, kwa sababu vikundi vya wafugaji sasa vinalitumia kukata hei, kuvuta tanki la maji na kulima shamba la malisho. Trekta likilala ubavu, mtu anaumia na hei inabaki imesimama ikikauka. Kiangazi kikifika, ng'ombe hawasubiri.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kilianza kulitumia trekta lake kama lilivyoshushwa kwenye lori, magurudumu ya nyuma yakiwa yamebanwa karibu na mwili. Vijana walikuwa wakikata majani pembeni mwa korongo. Gurudumu la upande wa chini likaingia kwenye shimo la muhanga, la juu likainuka, trekta likalala. Dereva alikuwa amefunga mkanda na fremu ya kinga ilikuwa imesimamishwa, akatoka na michubuko. Mwenzake aliyekalia madigadi alivunjika mguu. Siku mbili kabla nilikuwa nimepita hapo, nikaangalia majani kama yameanza kutoa maua. Magurudumu sikuyaangalia. Tangu siku hiyo nayaangalia kwanza.

KWA NINI UPANA NI MUHIMU

Mtu anayeshika ndama wakati wa chanjo hupanua miguu. Akiibana, ndama akijitikisa kidogo tu wote wawili wako chini. Trekta nalo ni hivyo hivyo. Ekseli ya mbele inacheza katikati kama bawaba, hivyo kinachozuia trekta kuanza kulala ni upana wa magurudumu ya nyuma.

Chukua mfano wa shimo lenye kina cha sentimita 20. Upana wa nyuma ukiwa sentimita 100, shimo hilo linaongeza mteremko wa sentimita 20 kwa kila mita. Upana ukiwa sentimita 130, linaongeza kama sentimita 15 tu kwa kila mita. Shimo ni lile lile, ila trekta linainama kidogo zaidi au pungufu kulingana na upana uliouweka.

CHAGUA UPANA KULINGANA NA KAZI

Upana hupimwa kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya tairi la pili, chini karibu na ardhi.

• Kukata hei na kuvuta mzigo penye mteremko: tumia upana mkubwa unaoruhusiwa na kitabu cha trekta lako. Ila kama mashine ya kukata imefungwa nyuma moja kwa moja, kingo za nje za matairi zisizidi upana wa mashine. Zikizidi, matairi yatalaza majani ambayo kisu hakiyafikii.

• Kupalilia kwenye mistari: magurudumu yapite katikati ya mistari. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 yanahitaji upana wa 150. Mtama wa malisho wa nafasi ya sentimita 60 unahitaji upana wa 120.

• Njia na lango: pima pia lango la boma na daraja unalovuka kila siku.

UPANA UNABADILISHWAJE

Matrekta mengi madogo hayana ekseli ya kuvuta nje. Upana hubadilishwa kwa kugeuza gurudumu. Sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu imebonyea upande mmoja. Kama katikati ya tairi iko sentimita 5 ndani ya mahali sahani inapofungwa, ukiigeuza itakuwa sentimita 5 nje. Kila gurudumu limetoka sentimita 10, na upana wote umeongezeka sentimita 20. Baadhi ya magurudumu yana rimu na sahani zilizofungwa kwa bolti, nayo yanakupa nafasi zaidi za kuchagua.

Hapa ndipo wengi hukosea. Usiligeuze gurudumu na kulirudisha upande ule ule, kwa maana meno ya tairi yataangalia kinyume na trekta litateleza. Gurudumu la kushoto lihamishie kulia bila kuligeuza, na la kulia lihamishie kushoto. Mshale ulio ubavuni mwa tairi uelekee mbele tairi linapozunguka. Ukisimama nyuma ya trekta, meno yaonekane kama ncha ya mkuki inayoelekea juu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Egesha trekta mahali tambarare na pagumu. Shusha mashine ya nyuma chini, funga breki, zima injini na toa ufunguo.
2. Uliza kama matairi yana maji. Lita moja ni kilo moja, na lita 100 ni uzito wa mbuzi kadhaa waliokomaa. Tairi lenye maji lishikwe na watu wa kutosha, au yatolewe maji kwanza.
3. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Piga pia kabari kati ya ekseli ya mbele na mwili wa trekta ili isicheze.
4. Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini.
5. Inua kwa jeki mahali kitabu kinapoonyesha, kisha weka stendi imara chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi, na mawe yaliyopangwa si stendi.
6. Toa magurudumu na uyabadilishe upande. Usimwache mtoto asimame karibu. Tairi likianguka halichagui.
7. Safisha kutu na udongo mahali sahani inapokaa. Kaza nati kwa kuruka, moja hapa na inayofuata upande wa pili.
8. Shusha trekta chini, kaza tena kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu.
9. Pima kutoka katikati ya trekta hadi kila tairi. Pande zote mbili ziwe sawa.
10. Inua mashine ya nyuma polepole na hakikisha mikono na minyororo yake haigusi matairi wala madigadi.

Endesha mita chache, kisha kaza tena. Kagua nati baada ya saa moja ya kazi, na kila asubuhi kwa wiki ya kwanza. Nati iliyolegea hutoboa sahani, na sahani ikiharibika gurudumu hutoka.

ANGALIZO

Usiongeze vipande vya chuma vya kuchonga mtaani ili kupata upana zaidi ya ule wa kitabu. Vinachosha beringi na vinaweza kuvunja ekseli. Magurudumu ya mbele yanayovuta usiyageuze kama kitabu hakikuruhusu.

Trekta lililopanuliwa bado linaweza kupinduka. Fremu ya kinga isimame, dereva afunge mkanda, na asipakie mtu kwenye madigadi wala kwenye tela la marobota. Penye mteremko mkali kata kwa kupanda na kushuka, usikate kwa kukingama. Kabla ya kukata, tembea shamba lote kwa miguu na uweke kijiti penye kila shimo. Wachunga ndama wanayajua mashimo ya alalili kuliko dereva, hivyo waulize.

Masika yakiisha na majani yakianza kutoa maua, hei ina lishe nzuri na siku za kukata ni chache. Kazi ya kubadilisha magurudumu ifanyeni mapema, kabla majani hayajafikia hapo. Njooni na kitabu cha trekta ofisi ya mifugo ya kata, tukisome pamoja kabla ya kugusa nati.

Afisa Mifugo wa Kata