Jasho Si Adui wa Nywele

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nami naongeza kwamba nywele nazo zataka akili, hasa kwa mwanamke atokwaye na jasho kila siku.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini makazi yangu sasa ni Mtito Andei, mji wa wasafiri ulio katikati ya njia ya Mombasa na Nairobi, mlangoni mwa mbuga ya Tsavo Magharibi. Joto la hapa si kama la kwetu. Pwani hewa ina majimaji, jasho halikauki, na mtandio hushinda umelowa. Hapa hewa ni kavu. Jasho hukauka mara moja na kuacha chumvi kichwani. Ukijipapasa wasikia kama mchanga.

Hivi majuzi alinitembelea binti wa kaka yangu, ambaye anasoma Nairobi na hufanya mazoezi yaitwayo yoga ya joto. Mazoezi hayo ya viungo yalienezwa Marekani tangu miaka ya 1970 na Mhindi mmoja, Bikram Choudhury. Watu hujifungia katika chumba kilichopashwa moto hadi nyuzi 40 hivi za Sentigredi, hewa ikitiwa unyevu, wakajinyoosha kwa dakika 90. Yaani watu hulipa pesa wapate joto lipitalo lile la Mombasa mwezi wa Machi!

"Shangazi," aliniambia, "nywele za mbele zakatika, na kichwa chaniwasha. Naona afadhali niyaache haya mazoezi."

Si yeye peke yake. Mwaka 2012 madaktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, huko North Carolina, walitangaza majibu ya wanawake 103 wa Marekani wenye asili ya Kiafrika. Karibu wanne katika kila kumi walisema kuna wakati hukwepa mazoezi kwa ajili ya nywele. Hili ndilo linisikitishalo. Kisukari na shinikizo la damu vimejaa majumbani mwetu, kisha mtu aache kuutumikisha mwili kwa kuogopa kuharibu msuko!

Nilipomkagua kichwa niliona kwamba jasho lilikuwa linasingiziwa. Alisukwa kwa kukazwa mno, na kila amalizapo mazoezi hujitanda papo hapo, nywele zingali maji. Msuko uliokazwa hung'oa nywele za kandokando ya uso. Ukilegezwa mapema, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, mashina hufa na upara haurekebishiki tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao unyevu uliofunikwa, ukichanganyika na mafuta ya kichwani, huchochea mba.

Basi, akina dada, kabla ya mazoezi fungeni nywele kwa ulegevu. Misuko miwili mikubwa yatosha. Msipake mafuta kwenye ngozi ya kichwa wakati huo, kwani yatateremka machoni pamoja na jasho. Mafuta ya nazi yana wakati wake, nao ni usiku wa kuamkia siku ya kuosha, tena yapakwe kwenye nywele zenyewe. Bibi zetu walilijua hilo. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walionyesha kwamba mafuta hayo hupunguza upotevu wa protini ya nywele zioshwapo, jambo ambalo mafuta ya alizeti hayakuliweza.

Baada ya mazoezi, suuzeni kichwa kwa maji matupu. Sabuni si ya kila siku. Huku kwetu maji ya visima vingi yana chumvi na sabuni haitoi povu upesi, kwa hiyo mimi huweka akiba ya maji ya mvua kwa suuzo la mwisho. Mwenye majani ya mkunazi ayatwange. Yatoa povu laini lisilokausha nywele. Kisha zifyonzeni maji kwa kanga kuukuu, mchane taratibu kwa chanuo la meno mapana mkianzia nchani, kwani unywele uliolowa hukatika upesi. Zikishakauka, ndipo mjitande.

Ukiona mabaka ya duara yaliyonyonyoka, huenda ni mapunye. Nenda kwa daktari. Dawa yake ni ya kumeza, mafuta hayayaponyi.

Wengine hukwepa maji wakisingizia msuko. Bi Umm Salama, mke wa Mtume (S.A.W.), aliuliza kama ni lazima afumue misuko yake kwa josho la janaba. Aliambiwa yamtosha kujimiminia kichwani mateko matatu ya maji, kisha aueneze mwili wote. Wanavyuoni wetu husisitiza kwamba maji lazima yafike shinani, na msuko usiopitisha maji ufumuliwe. Dini imetufanyia wepesi. Msuko uliolegea, maji yakapenya hadi ngozini, ndio utufaao kwa ibada na kwa mazoezi vilevile.