Kutoka Vitabu vya MTUHA hadi Usimamizi wa Mfumo wa Data

Wauguzi, matabibu na watunza kumbukumbu wa hospitali wanaweza kuhamia kazi za kiufundi za kompyuta bila shahada ya kompyuta, na mlango ulio karibu nao zaidi ni ule wa taarifa za afya. Nchini Tanzania taarifa hizo hukusanywa kupitia MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wahudumu wa zahanati wanaujua kwa rejesta zake kubwa: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, na vinginevyo. Mwezi ukiisha, mistari ya rejesta huhesabiwa, jumla huandikwa kwenye fomu ya ripoti, na ripoti huingizwa katika programu ya DHIS2, ama kituoni ama katika ofisi ya halmashauri. Kenya nayo imekuwa ikitumia programu hiyo kitaifa tangu 2011. Anayetengeneza fomu za programu hiyo, akafuatilia makosa yake na kuiwezesha kujibu maswali ya mganga mkuu wa wilaya, anafanya kazi ya kiufundi iliyo kamili, hata kama cheti alichonacho ni cha ukunga.

Chimbuko la DHIS linaeleza kwa nini mlango huo upo. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokoma Afrika Kusini mwaka 1994, nchi ilirithi idara 14 za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi na kwa maeneo, kila moja na fomu zake. Watafiti wa afya ya jamii wa Cape Town na wenzao kutoka Norwe, akiwemo Jørn Braa, walianzisha mradi wa kuziunganisha taarifa hizo. Toleo la kwanza la mfumo lilijengwa juu ya programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access, na wahudumu wa vituo walishirikishwa kuamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Toleo la pili, DHIS2, linaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ni programu huria, inafanya kazi kupitia intaneti, na wizara za afya za makumi ya nchi zinaitumia. Kufikia 2013 ilikuwa imesambazwa Tanzania Bara. Tangu siku za Cape Town mpaka leo, sehemu ngumu ya kazi imebaki ileile: kukubaliana maana ya kila kinachohesabiwa. Hapo ndipo aliyekaa wodini anapomzidi aliyekaa maabara ya kompyuta pekee.

Kila tarakimu iliyomo ndani ya DHIS2 hubeba majibu matatu: kimehesabiwa nini, wapi, na kipindi gani. Msimamizi wa mfumo husajili vipengele vya data, kwa mfano idadi ya watoto waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya Penta. Hupanga vituo katika ngazi za kata, wilaya na mkoa. Hutengeneza fomu za kuingizia takwimu. Huweka kanuni za kukagua makosa. Na huamua nani aone nini na nani abadilishe nini. Karibu yote hayo hufanyika kwa kujaza na kuchagua kwenye skrini, bila kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kinachohitajika ni utaratibu wa fikra. Kipengele kimoja kikisajiliwa mara mbili kwa majina yanayofanana, nusu ya vituo vitajaza hiki na nusu kile, na jumla ya mkoa itapotoka bila kompyuta kutoa onyo lolote.

Viashiria, yaani vipimo vinavyopigwa kutokana na vipengele hivyo, ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi kazi yenyewe ilivyo. Penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ili kujua wangapi wanaishia njiani, idadi ya dozi ya tatu hutolewa katika idadi ya dozi ya kwanza, kisha tofauti hugawanywa kwa dozi ya kwanza. Watoto 120 wakianza na 96 wakafika dozi ya tatu, tofauti ni 24, yaani asilimia 20. Hesabu ni ya shule ya msingi. Lakini kiashiria hicho kikipigwa kwa mwezi mmoja wa zahanati moja, jibu linaweza kutoka hasi: waliopata dozi ya tatu ni wengi kuliko walioanza. Mgeni wa kazi atadhani programu imeharibika. Muuguzi wa kliniki ya watoto atakumbuka kwamba waliopata dozi ya tatu mwezi huu ni wale walioanza miezi miwili iliyopita, na kwamba chanjo ikiadimika mwezi mmoja, mwezi unaofuata foleni huwa ndefu. Basi atapanga kiashiria kisomwe kwa robo mwaka au mwaka mzima, na kwa wilaya badala ya kituo.

Hali ni hiyohiyo pale kata inapoonyesha imechanja asilimia 130 ya watoto wake. Upo uwezekano kwamba aliyejaza fomu aliongeza sifuri. Upo pia uwezekano kwamba akina mama wa kata jirani wanavuka kwa sababu zahanati hiyo haiishiwi chanjo, kwamba watoto wa huduma za mkoba wamehesabiwa mara mbili, au kwamba idadi ya watoto iliyotumika kugawanyia ni makadirio ya zamani. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, halmashauri za Tanzania zilipanga kwa makadirio yaliyokuwa yakizeeka kila mwaka, wakati baadhi ya miji ikikua kwa kasi. Kutofautisha sababu hizi kunataka mtu anayejua rejesta inajazwaje saa tano asubuhi benchi likiwa limejaa. Ujuzi huo hautolewi na shahada ya kompyuta, na ni kosa kwa anayebadili kazi kuuacha nyuma akidhani anaanza upya.

Yako mengi, hata hivyo, ya kujifunza, na ni afadhali yafuatane na kazi. La kwanza ni programu ya majedwali kama Excel, kwa kiwango cha kuweza kulinganisha orodha mbili za vituo na kubaini majina yasiyolingana. Linafuata kuisanidi DHIS2 yenyewe. Mradi wake hutoa kozi ya msingi bila malipo kwa njia ya mtandao, na una mfumo wa majaribio ulio wazi kwa yeyote, wenye majina ya vituo vya Sierra Leone na takwimu za kubuni, ambao mtu anaweza kuuvuruga bila kumdhuru mgonjwa yeyote. Baada ya hapo huja SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa kuwa DHIS2 huhifadhi data zake katika PostgreSQL na maswali mengine hayajibiwi kwa skrini za kawaida. Mwenye simu pekee atakwama mapema. Kompyuta ya mkononi iliyotumika, hata ya zamani kiasi, ndiyo gharama ya kwanza isiyokwepeka.

Mahali pa shahada panahitaji ushahidi mwingine, nao ni kazi inayoonekana. Muuguzi anayejitolea kusafisha orodha ya vituo vya wilaya yake, anayeandika mwongozo wa kurasa tatu wa kujaza fomu kwa usahihi, au anayemtengenezea mratibu wa MTUHA dashibodi inayotumika kwenye kikao cha robo mwaka, ana kitu cha kuweka mezani. Miradi na mashirika yasiyo ya kiserikali huzingatia ushahidi wa namna hiyo, ingawa mara nyingi ajira zao ni za mkataba wenye ukomo wa ufadhili. Serikalini hali ni tofauti. Nafasi za maofisa TEHAMA hutangazwa kwa sifa za kitaaluma zilizowekwa katika muundo wa utumishi, na asiye na cheti husika hapiti mchujo wa awali, hata awe hodari kiasi gani. Kwa hiyo wengi huanza kwa kubaki katika cheo chao cha uuguzi au utabibu huku wakipewa majukumu ya data. Ni busara kuhuisha leseni ya taaluma katika kipindi hicho: mkataba wa mradi ukiisha, leseni iliyokufa hugharimu muda na mafunzo kuifufua.

Ipo pia mipaka ambayo uzoefu wa wodini hauivuki. Kuendesha seva za Linux, kupanga nakala rudufu na kujaribu kama kweli zinarejesheka, kuziba mianya ya usalama, na kuandika programu-tumizi za ziada kwa JavaScript ni kazi za mafunzo marefu, na makosa yake yanaweza kufuta kumbukumbu za mkoa mzima. Hatari huongezeka pale DHIS2 inapotumika kufuatilia mtu mmoja mmoja, kama mjamzito au mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sababu hapo majina na majibu ya vipimo huingia kwenye mfumo. Taarifa hizo zinalindwa na sheria: Kenya ilitunga yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Mhudumu wa afya huja na mazoea ya kutunza siri ya mgonjwa; anachopaswa kuongeza ni kujua siri hiyo huvujaje kwa nywila inayotumiwa na watu sita au faili lililotumwa kwa WhatsApp.

Kwa anayetaka hatimaye kuwa na cheti, masomo ya taarifa za afya yana njia fupi kuliko shahada ya kompyuta. Chuo cha KMTC nchini Kenya hufundisha kumbukumbu za afya na teknolojia ya habari, na Tanzania ina mafunzo ya astashahada na stashahada ya sayansi ya taarifa za afya.