Presha Imeshuka, Mishipa Je?

Mwaka 2001 watafiti wa Dundee, Uskochi, walichapisha matokeo ya jaribio dogo sana: wagonjwa 12 wa shinikizo la damu. Kila mmoja alimeza atenololi kwa wiki 8 na nebivololi kwa wiki 8 nyingine, pamoja na dawa ya kuongeza mkojo katika vipindi vyote viwili. Mgonjwa hakujua anameza ipi, wala aliyempima hakujua. Presha ilishuka, tena kwa kiwango kilekile. Kwa anayetegemea mashine ya presha peke yake, habari ingeishia hapo.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Waliingiza asetilikolini, kemikali inayoamsha utando wa ndani wa mishipa, kwenye ateri ya mkono, wakapima mtiririko wa damu unavyoongezeka. Wagonjwa walipokuwa wakitumia nebivololi, mishipa ilipanuka zaidi kuliko awali. Walipokuwa kwenye atenololi, hakukuwa na nafuu ya maana.

Na dawa hizi ni ndugu. Zote ni za ukoo wa vizuizi vya beta, ambao mwasisi wake, Mskochi James Black, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Black aliulenga moyo. Alitaka kuukinga dhidi ya adrenalini ili upige taratibu, utumie oksijeni kidogo na maumivu ya kifua yapungue. Mishipa haikuwa shabaha yake.

Alipokuwa akiitafuta dawa yake, ni wachache walioujali utando wa ndani wa mishipa. Ni safu moja tu ya seli, nyembamba kiasi cha kudhaniwa kuwa kazi yake ni kutenganisha damu na ukuta wa mshipa, basi. Mwaka 1980 Robert Furchgott, aliyekuwa akifanya kazi Brooklyn, New York, alionyesha vingine kwa vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Utando ukiwa mzima, asetilikolini ililegeza mshipa. Ukikwanguliwa, mshipa haukulegea. Kumbe seli hizo hutoa kitu kinachouamuru msuli ulegee. Baadaye kitu hicho kikatambuliwa kuwa gesi, oksidi nitriki, na mwaka 1998 Furchgott na wenzake wawili wakapata Nobel.

Gesi hiyo ndiyo inayowatofautisha ndugu hawa. Nebivololi hutuliza moyo, na papo hapo huchochea utando kuitoa. Watafiti wakizuia mwili kuitengeneza, upanuzi unaoletwa na nebivololi hupungua sana. Karvediloli hupita njia nyingine: huziba pia vipokezi vya alfa, ambavyo adrenalini huvitumia kubana mishipa. Propranololi, mkongwe wa ukoo, huziba hata vipokezi vya beta vinavyosaidia mishipa kupanuka, na ndiyo maana baadhi ya wanaoitumia hulalamikia mikono na miguu kuwa baridi.

Je, tofauti hiyo humfikia mgonjwa? Utafiti wa LIFE, uliotolewa mwaka 2002, uliwafuatilia watu 9,193 wenye presha ambao moyo wao ulikuwa umeanza kunenepa. Waliopewa losatani, dawa ya ukoo tofauti, walipata kiharusi kwa asilimia 25 pungufu kuliko wa atenololi, ingawa presha za makundi yote mawili zilikaribiana. Uingereza iliviondoa vizuizi vya beta katika chaguo la kwanza la presha ya kawaida mwaka 2006. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani nayo inasema atenololi isiwe ya kuanzia kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 asiye na matatizo mengine.

Hata hivyo, utando si kila kitu. Bisoprololi haisifiki kwa kuchochea oksidi nitriki, lakini mwaka 1999 utafiti wa CIBIS-II ulionyesha kuwa inapunguza kwa asilimia 34 vifo vya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Huwezi kuidharau dawa ya namna hiyo kwa sababu ya kipimo cha mkono.

Tena anayemeza atenololi asiitupe leo. Dawa hizi zikikatishwa ghafla, moyo uliozoea kukingwa huipokea adrenalini kwa ukali, na maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo huweza kufuata. Daktari anayebadilisha dawa hupunguza dozi kidogo kidogo, kwa kawaida kwa wiki moja au mbili.