Nguvu, Uchawi au Uwezo? Msamiati wa Bunilizi ya Kisayansi katika Filamu ya Supa Modo na Mtazamaji wa Mwanza

Supa Modo (2018), filamu ya watoto iliyoongozwa na Likarion Wainaina wa Kenya, ina urefu wa dakika 74 na ilitengenezwa kwa bajeti ndogo. Ilioneshwa katika tamasha la Berlin mwaka huohuo. Mhusika mkuu, Jo, ni msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiotibika, anayetamani kuwa shujaa wa filamu. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba ana nguvu zisizo za kawaida. Hatimaye kijiji kizima kinatengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Wahusika wanazungumza Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza.

Swali la makala hii ni dogo, lakini lina uzito: filamu hii ikisimuliwa kwa Kiswahili cha Tanzania mbele ya watoto wa Kirumba, Igogo au Mabatini, hizo “nguvu” za Jo ziitwe nini?

Filamu nyingi za kigeni humfikia mtazamaji wa vibanda umiza zikiwa “zimetafsiriwa”, yaani sauti ya msimuliaji imewekwa juu ya sauti za wahusika. Sanaa hiyo ilipata umaarufu nchini kupitia marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu. Msimuliaji hatafsiri sentensi kwa sentensi. Hufafanua, hutania, huongeza na hupunguza, na neno analolichagua ndilo linalompa mtoto tafsiri ya anachokiona. Tafiti zetu za tafsiri zimeshughulika mno na vitabu, zikamwacha fundi huyu nje ya mlango.

Tuchukue tendo la kusogeza kitu kwa kukikazia macho. Msimuliaji akisema “ana nguvu za giza”, tumeshaingia katika uchawi. Akisema “mazingaombwe”, tumo katika burudani ya jukwaani. Akisema “ana uwezo usio wa kawaida”, amelinda maana lakini amepoteza wepesi wa kauli ambao watoto huupenda. Katika kanda ya Ziwa uchaguzi huu si wa mtindo tu. Mwanza, Shinyanga na Geita zimeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Jicho lenye nguvu, katika mazingira hayo, si picha ya kuchezea.

Filamu yenyewe inatoa njia ya kutokea. Darko Suvin, katika kazi yake ya mwaka 1979, aliitofautisha bunilizi ya kisayansi na ngano kwa kigezo cha jambo jipya ambalo akili inaweza kulihalalisha kwa hoja. Kwa kigezo hicho kikali Supa Modo iko pembezoni mwa utanzu, kwa kuwa nguvu za Jo hazina chanzo cha kisayansi. Hata hivyo, mtazamaji anaoneshwa jinsi kila mwujiza unavyotengenezwa: watu wamepanga, wamejificha, wamekubaliana. Chanzo kinaonekana, na matokeo yanaonekana. Msimuliaji anayetaja uchawi anakuwa ameficha kile ambacho mwongozaji amekifichua kwa makusudi.

Je, msamiati mbadala upo? Upo, tena wa muda mrefu. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katika fasihi, Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani. Katama Mkangi alimrusha Dzombo kwa chombo katika Walenisi (1995). Na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliandika Mzingile (1991) akiisawiri dunia iliyoangamia. Tatizo liko kwingine. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anaambiwa aanze upya kwa Kiingereza. Maneno kama kani, mvutano na nishati hubaki katika madaftari ya zamani, hayapati umri wa kukua nayo. Msimuliaji wa kibandani naye alipitia njia hiyohiyo. Tusishangae basi akikimbilia lugha ya mganga, maana ndiyo iliyobaki hai kinywani mwake.

Pendekezo letu ni la kiwango cha kitenzi. Kwa Jo angani, lisitumike “anaruka”, kitenzi ambacho katika masimulizi mengi hufuatana na ungo wa usiku. Litumike “anapaa”, kama ndege ipaavyo au kama tiara ipaavyo pale Mwaloni upepo wa ziwa unapokubali. Kwa tendo la macho, “anakivuta” linatosha, kwa kuwa linamrudisha mtoto kwenye sumaku aliyoishika darasani.