Usilaumu Kaske, Uliza Damu Yako



Wazee walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Mwili wa mtu nao una mawingu yake. Leo ukurasa wetu wa Usalama na Afya unazungumza juu ya wingu moja ambalo wengi hulicheka, tena wengi hulidanganyia kwa mafuta ya sokoni: nywele zinazoanguka.

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa shimoni. Amefika kwa muganga akishika kaske mkononi.

— Muganga, kaske hii itanimaliza kichwa. Kila asubuhi nikichana nywele, kitana kinajaa. Nimeanza kuivua nikiwa ndani ya shimo ili kichwa kipate hewa. Unipe mafuta.

— Mzee, mafuta tuyaache kwanza. Nionyeshe ndani ya kope za macho. Mbona ni nyeupe hivi? Siku hizi unapanda kilima namna gani?

— Ninasimama mara mbili njiani. Moyo unapiga mbio.

— Na viatu vya mpira unavivaa?

— Kazini ninavaa. Shambani na mtoni ninakwenda miguu mitupu.

— Basi, Mzee, rudisha kaske kichwani. Ugonjwa hauko kwenye kaske. Twende tupime damu na choo.

Muganga huyo alijua nini? Tuone.

KASKE HAINA KOSA

Mzizi wa unywele haupumui hewa ya nje. Unalishwa na damu, kama mmea unavyolishwa na udongo. Kwa hiyo kaske haiwezi kuunyima hewa. Upara unaoanza pajini na utosini kwa wanaume hutoka katika ukoo: baba alikuwa nao, au mjomba, na wewe umeurithi. Aliyevaa kaske miaka 20 na asiyeivaa hata siku moja wanaupata sawasawa.

Kaske inayobana inaweza kukata nywele chache pale inaposugua; legeza mkanda wake. Kaske ya kuazimana inaweza kuleta mapunye; kila mtu awe na yake, aioshe na kuianika. Lakini kuivua shimoni, hapana! Upara hauui mtu. Jiwe linaua.

NYWELE INAKUMBUKA MIEZI MITATU

Kichwa cha mtu kina nywele karibu 100,000. Kila unywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika karibu miezi 3 na kuanguka, ili mwingine uote mahali pake. Kuanguka nywele 50 mpaka 100 kwa siku si ugonjwa.

Mwili ukipata pigo kubwa, nywele nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja. Mwili unajiambia: chakula na nguvu ni kidogo, tulinde moyo na ubongo kwanza. Lakini nywele hizo hazianguki siku ile. Zinaanguka miezi 2 au 3 baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau. Ndipo anaanza kulaumu sabuni, kaske, au jirani mwenye jicho baya.

Basi ukiona nywele zinaanguka kwa wingi kichwa kizima, hesabu nyuma. Miezi 3 iliyopita kulikuwa na nini? Malaria kali? Homa ya tumbo? Kupasuliwa hospitalini? Njaa? Msiba? Hapa Ituri tumeona jamaa nyingi wakikimbia vijiji vya Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017, wakilala nje na kula mara moja kwa siku. Hofu na huzuni ya namna hiyo huonekana hata kichwani. Pigo likipita na chakula kikirudi, mara nyingi nywele nazo hurudi katika miezi 6 hivi, bila dawa yoyote.

TUNACHIMBA DHAHABU, DAMU INATAKA CHUMA

Lakini kuna pigo lisilopita lenyewe, nalo ni adui wa zamani wa watu wa migodi: safura, yaani upungufu wa damu uletwao na minyoo.

Kati ya mwaka 1872 na 1882 watu walichimba njia ya reli chini ya milima ya Gotthard, katika nchi ya Uswisi. Wafanyakazi walianza kupauka, kuhema na kuanguka kazini. Wengine walikufa. Mwaka 1880, katika mji wa Torino, profesa Edoardo Perroncito aliwakuta na minyoo midogo tumboni. Shimo lilikuwa na joto na majimaji, vyoo havikuwako, na watu walikanyaga uchafu.

Minyoo hiyo haitafuti mdomo. Mayai yake hutoka na kinyesi, huanguliwa katika udongo wenye joto na unyevu, na vijidudu vyake huingia kwa ngozi ya miguu. Pengine unasikia mwasho tu kati ya vidole. Vinasafiri kwa damu mpaka mapafuni, vinapanda kooni, vinamezwa, kisha vinakaa katika utumbo na kunyonya damu mchana na usiku.

Damu ikipotea, madini ya chuma hupotea pamoja nayo. Ndiyo maana kope zinapauka, moyo unapiga mbio, miguu inakuwa mizito, na nywele zinaweza kupungua. Mtu wa namna hiyo akipata kizunguzungu juu ya ngazi, au mkono ukilegea mbele ya mashine, ajali imekwisha kufika. Dawa ya minyoo iko na si ya shida. Lakini upimwe kwanza, hasa mama mwenye mimba. Na ukirudi miguu mitupu mahali pasipo na choo, utaipata tena.

CHAKULA CHA KUREJESHA DAMU

Si lazima nyama kila siku. Maharagi, sombe, mchicha, samaki wa ziwa Albert anayeletwa Bunia kutoka Tchomia na Kasenyi, mayai na karanga: vyote vinasaidia. Kula pamoja na chungwa, limau au pera, maana matunda hayo husaidia mwili kupokea chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana inakizuia; ingoje saa moja au mbili.

Bugali wa mihogo peke yake unashibisha tumbo, haujengi damu. Na mihogo michungu ilowekwe na kukauka vizuri. Sumu yake ikibaki, inauzuia mwili kutumia iyodi, na rovu la shingo huongezeka. Wenzetu wa Uele walijulikana zamani kwa madaktari kwa ajili ya ugonjwa huo. Rovu likilegeza kazi ya shingo, mtu anasikia baridi, anachoka, na nywele zinakauka na kuanguka. Tumieni chumvi yenye iyodi.

Na yule anayeuza chakula cha jioni ili anunue lotoko? Pombe haina chuma, wala haijengi nywele.

KWA AKINA MAMA

Mama, ukijifungua, nywele zinaweza kuanguka sana mtoto akiwa na miezi 2 mpaka 4. Usiogope, wala usimwachishe ziwa mtoto. Si yeye anayezinyonya. Mara nyingi zinarudi kabla hajatimiza mwaka. Zikiendelea, upimwe damu.

Misuko inayovutwa mpaka ngozi inauma huua mizizi ya pajini. Ikikaa hivyo miaka mingi, nywele hazirudi. Mwambie msusi alegeze, hasa kwa mtoto wa kike.

Mtoto ambaye nywele zake zimekuwa nyembamba na nyekundu, zinang'oka bila maumivu, na miguu imevimba, huyo ana ugonjwa ambao ndugu wa Kivu wanauita bwaki. Usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

ALAMA NYINGINE

Kiraka cha mviringo, laini, bila magamba: hapo askari wa mwili wamekosea adui na kupiga mizizi ya nywele. Hakuna aliyekuroga. Kiraka chenye magamba na mwasho kwa mtoto: ni mapunye. Viraka vingi vidogo, pamoja na vipele mikononi au miguuni: inaweza kuwa kaswende, na sindano inaiponya. Mwende wawili, bwana na bibi.

Neno la mwisho ni kwa wenye jamaa wanaosafisha dhahabu kwa zebaki, yaani merkiri. Mabingwa hukata unywele na kuupima ili wajue zebaki imeingia kiasi gani mwilini, kwa sababu nywele huihifadhi. Lakini usingoje nywele zikuambie. Moshi wake unaharibu ubongo na figo, na unamfikia mtoto tumboni. Mikono ikitetemeka, usingizi ukipotea, mtu akisahausahau, aone muganga. Na msichome kamwe zebaki jikoni, wala mbele ya mama mwenye mimba na watoto.

KUMBUKA

1. Nywele zikianguka kwa wingi, hesabu miezi 3 nyuma.
2. Ukiwa na uchovu na kope nyeupe, pima damu na choo kabla ya kununua mafuta.
3. Vaa viatu, chimba choo, kitumie.
4. Kula maharagi, sombe na samaki, pamoja na matunda.
5. Kaske ibaki kichwani tangu unapoingia shimoni mpaka unapotoka.

Nyumbani watoto wanamngoja baba. Hawataangalia kama ana nywele. Wataangalia kama amerudi.