Kodi imelipwa Kigali, mzigo umekwama Dar: ruhusa ipi imekosekana?

KABUGA, Kigali – Malori yanayotoka mpaka wa Rusumo huingia Kigali kwa upande wa mashariki, yakipita Kayonza na Rwamagana kabla ya kufika Kabuga. Mwenye duka hapa amezoea kuhesabu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,500, na siku za dereva barabarani zinakadirika. Zisizokadirika ni siku ambazo kontena linakaa bandarini huku kodi imeshalipwa, risiti iko mkononi, na wakala akipigiwa simu ana jibu moja tu: sistimu iko chini.

Jibu hilo mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni kichaka. Na kwa kila siku inayopotea, gharama za ghala la bandari na za kuchelewesha kontena zinaandikwa kwa jina la mwenye mali, si la wakala.

Tangu Eneo la Pamoja la Forodha lianze kutumika mwaka 2014, tamko la forodha hufanywa katika nchi mzigo unakokwenda, na kodi hulipwa huko wakati mzigo ungali bandarini. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA, ikiridhika, hutuma ujumbe wa kielektroniki kwa wenzao wa TRA, nao ndio wanaotoa idhini ya kutoka getini. Yaani seva ya Kigali haifungui geti la Dar es Salaam. Inaomba lifunguliwe.

Na seva hizo hazikuzaliwa nyumba moja. Rwanda inatumia ASYCUDA World, programu iliyotengenezwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo. Tanzania iliingia mwaka 2014 na TANCIS, mfumo uliojengwa kwa utaalamu wa Korea Kusini. Kenya ilitumia Simba kwa miaka mingi kabla ya kuhamia iCMS. Kila mfumo una watumiaji wake, namba zake za walipakodi na masharti yake ya nani aone nini. Kati yao kuna ukuta wenye kidirisha. Ujumbe hupita kwenye kidirisha hicho tu, tena ukiwa na majina na namba zinazotambulika pande zote mbili.

Ukuta wenyewe hauna ubaya. Mzigo ulioandikiwa Rwanda ukishushwa kimyakimya njiani, TRA ndiyo inayopoteza kodi, na muuzaji wa Ngara ndiye anayeshindana na bei ya magendo. Ubaya uko kwenye ukimya: ujumbe ukikataliwa, sababu huonekana kwenye akaunti ya wakala na kwa maofisa, wala haimfikii mwenye duka wa Kabuga.

Hata hivyo kuna njia rahisi ya kutofautisha. Mtandao ukikatika, wote wanakwama. Uliza jirani mwenye mzigo bandari hiyohiyo na wakala mwingine. Kama wake umetoka asubuhi na wako umelala, tatizo si nyaya. Mfumo unafanya kazi, ila umekukatalia wewe.

Hapo ndipo pa kukagua, na mahali pa kwanza ni leseni. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya, leseni za mawakala huisha kila Desemba 31, kwa hiyo Januari si mwezi wa kuamini maneno matupu. Wakala anaweza pia kuwa hai Kigali na asiwe amefunguliwa akaunti upande wa Tanzania, au akawa anategemea mshirika wa Dar es Salaam ambaye leseni yake ndiyo iliyokufa. Kisha kuna dhamana: ikiwa kiasi kilichobaki hakitoshelezi kodi ya mzigo, mfumo hausogei hata kama kila karatasi iko sawa.

Kosa dogo kuliko yote ndilo linaloudhi zaidi. Namba ya BL ikiandikwa na herufi O mahali pa sifuri, manifesti ya bandarini inasema jambo moja na tamko la Kigali jingine. Kwa jicho la binadamu ni kitu kilekile. Kwa seva ni mzigo usiojulikana.

Wapo mawakala ambao wakikwama hutengeneza tamko la pili. Ni dawa inayozidisha ugonjwa. Tamko la kwanza likishasajiliwa, manifesti huhesabu kwamba mzigo huo umeshachukuliwa, hivyo la pili hugonga ukuta mwingine na kazi ya kufuta inaongezeka. La kwanza lisahihishwe na maofisa wa forodha, basi.

Wanaovusha bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, wana nafuu: cheti rahisi cha uasilia hutolewa mpakani. Rusumo, ambako kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi Aprili 2016, maofisa wa nchi mbili wako jengo moja na utata unaweza kumalizwa ana kwa ana.

Mwenye kontena hana dirisha la kugonga, ana simu. Badala ya kuuliza mzigo umefika wapi, amuulize wakala namba ya tamko, saa ujumbe ulipotumwa, na kama upande wa pili umeupokea tu au umeukubali. Akiambiwa umepokelewa lakini haujakubaliwa, adai picha ya skrini yenye sababu ya kukataliwa, siku hiyohiyo, kabla gharama za ghala hazijaongezeka.